Mate ya Shangazi Mwajuma

Tangu nirudi, hakuna anayenunua mtama kwangu bila kuuliza kwanza. "Mwanahawa, ilikuwaje huko Kibakwe? Ni kweli mlikwenda kupima DNA? Nani anamkana nani?" Nilikuwa nawaambia subirini majibu yatoke. Sasa yametoka. Juzi mmoja wenu alisimama mbele ya gunia langu la uwele akihoji mpaka mteja aliyekuwa nyuma yake akachoka, akaenda kununua kwa jirani. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja niyaweke kwenye kundi letu la simu, kila mtu asome kwa nafasi yake, mniache niuze. Habari za miadi na kusaini makaratasi nazipita, hazina utamu. Nawaambia ya njiani.

Ila lazima mjue chanzo. Baba yetu, Salum fundi cherehani, alipoteza macho kabla hajazeeka. Alianza kugonga miimo ya milango kwa bega. Baadaye akawa hawaoni watu wanaopita ubavuni mwake, na mwisho hata sindano ya kushonea gunia hakuiona. Alifariki nikiwa darasa la saba. Babu, Mzee Selemani, naye alimaliza maisha yake akishikwa mkono kwenda msikitini. Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho, hospitali wanauita glakoma. Hauumi wala hauwashi. Unakula mwanga wa pembeni taratibu, na ulichokwisha kula haukirudishi.

Basi niliposikia kwamba kule Mvumi kuna daktari wa macho anayepima vinasaba vya familia zenye ugonjwa huo, ili ajulikane nani yuko hatarini kabla macho hayajaharibika, moyo ulinidunda kama nimeletewa posa.

Majengo hadi Mvumi

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Nimezaliwa Dodoma na nimekulia Dodoma, maharage ya Kibakwe nayapokea kila msimu, lakini Kibakwe yenyewe nilikuwa sijaiona. Gari lilikuwa kenta ya tajiri wa mdogo wangu Rajabu. Rajabu mwenyewe ndiye dereva, alikuwa anafuata mzigo wa maharage, mimi nikajipachika mbele na kapu langu la maandazi na zabibu.

Rajabu mnamjua. Mrefu, sauti nzito, akicheka sokoni wanasikia mpaka wauza dagaa. Kila mzee wa mtaa akimwona husema huyu ni Salum mtupu. Mimi nimefanana na mama. Ndiyo maana kipimo hiki nilikuwa nakifuata kwa ajili yake. Nilishajiambia kwamba kama baba alimwachia mmoja wetu ugonjwa, basi ni yule aliyemwachia sura na sauti. Na huyo ndiye dereva, macho yake ndiyo kazi yake.

Tulipoiacha lami akapunguza redio.

"Dada, tuelewane mapema. Mimi nakupeleka. Kwenye hayo mambo ya kutema mate usinihesabu."

"Kwa nini?"

"Leo naendesha bila kufikiria macho. Nikishaambiwa ninao, kila gari likinimulika nitaanza kujipima. Nitaendeshaje hivyo?"

Nilimpa andazi, akala, tukaendelea na vumbi letu.

Mvumi tulikuta watu wengi wamekaa kwenye mabenchi ya kliniki ya macho, akina bibi wa Kigogo na shuka zao, wanaume wameshika fimbo. Nilisalimia "Mbukwenyi" kwa lafudhi yangu ya Majengo, wakacheka, wakanipa nafasi. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mchangamfu aliyeletwa kwa mtoto wa jicho. Akaniuliza mimi nimeletwa na nini. Nikamwambia, kwa fahari kabisa, nimekuja kutema mate kwenye kichupa.

Bibi akajivuta. Akajivuta tena. Akajiziba pua kwa kanga.

"Pole, mwanangu," akasema kutoka mbali. "Dawa za kifua zipo. Usiache kuzinywa."

Benchi zima likahamia upande wa pili. Ilibidi muuguzi aje awaeleze kwa Kigogo kwamba sina kifua kikuu, natafutiwa ugonjwa wa macho. Bibi akarudi, lakini sasa ana swali gumu zaidi: macho na mate yanajuana wapi?

Swali hilo hilo nilimuuliza Daktari Neema nilipoingia. Huyu Daktari Neema ni mwanamke wa makamo, mpole, anaongea kama anayepanga vyombo kabatini, kimoja kimoja.

"Kila sehemu ya mwili wako, hata mate, imebeba maelekezo uliyorithi kwa wazazi," alisema. "Kwenye baadhi ya familia kuna kosa dogo ndani ya maelekezo hayo, na kosa hilo huleta presha ya macho mapema. Mimi nataka kulijua kosa la familia yenu."

"Basi chukua mate yangu ulitafute."

"Nitachukua. Ila wewe huumwi. Nikianza na wewe peke yako, nitakuwa kama mtu aliyetumwa sokoni kumtafuta mgeni ambaye hajui sura yake. Nahitaji kwanza mtu wa damu yenu ambaye tayari anaugua. Nikiiona sura ya kosa kwake, nitajua cha kutafuta kwako na kwa mdogo wako."

Baba hayupo, babu hayupo. Amebaki mmoja tu, Shangazi Mwajuma, dada yake baba, aliyeolewa Kibakwe zamani na hakurudi tena Majengo. Mara ya mwisho nilimwona nikiwa mdogo. Kama naye anaugua, hakuna kwetu aliyekuwa anajua. Bahati kenta yetu ilikuwa inakwenda huko huko.

Daktari akanipima macho kwa mashine inayopuliza upepo, akachungulia ndani kwa taa, akasema neva ya jicho bado ni nzima, presha ataiangalia tena siku nyingine. Kisha akanipa kichupa changu nijaze. Hapo ndipo nilipogundua kwamba furaha inakausha mate. Nilikaa uani nusu ya asubuhi na kichupa mdomoni, mate hayaji. Yule bibi akaniona akanihurumia.

"Fikiria ukwaju," akaniambia. "Ukwaju mbichi, umeupasua wewe mwenyewe, umeutia chumvi."

Kichupa kilijaa. Tulipomaliza, bibi alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda aliofungiwa kutoka nyumbani. Rajabu naye akaja akanawa mikono. Daktari akanipa vichupa vingine viwili kwenye mfuko: kimoja cha shangazi, na kingine, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "cha yeyote atakayekitaka." Rajabu aliangalia mlenda.

Mvumi hadi Mbande, na pancha

Tulirudi barabara kuu kuelekea mashariki, na kabla ya kufika Mbande tairi la nyuma likaitika. Pancha. Tairi la spea nalo lilikuwa limechoka, ikabidi Rajabu alibebe lile bovu kwa bodaboda kwenda kulizibisha, mimi nibaki nalinda gari. Jua la kwetu mnalijua. Nilikaa kwenye kivuli cha kenta nikila zabibu, na niamini, sikukasirika hata kidogo. Nilijiona kama mtu aliyetumwa kazi kubwa.

Hapo akaja mzee mmoja amevaa kofia ya soka na koti la suti, ameshika kuku wawili miguu juu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akajitambulisha kwamba ni Mwalimu Lukas, amestaafu, anakwenda Mpwapwa, na basi lake limemwacha akiwa dukani. Niliona bora tumchukue. Rajabu aliporudi na tairi lake tukajibana watatu mbele, kuku wakawekwa miguuni kwangu.

Mbande hadi Mpwapwa, na Mwalimu

Mwalimu alikuwa mtu wa maswali. Tulikuwa hatujaimaliza Kongwa ameshajua umri wetu, biashara yangu na jina la tajiri wa Rajabu. Alipouliza tunakwenda Kibakwe kufanya nini, nikamjibu kwa kifupi kwamba tunakwenda kwa mambo ya DNA.

Akanyamaza. Mwalimu Lukas, aliyekuwa hanyamazi, akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono akampiga Rajabu begani taratibu.

"Kijana, mimi nimefundisha watoto wengi. Nikuambie kitu. Mtoto akishakuita baba, yamekwisha. Lea."

Rajabu akageuka kuniangalia, akamwangalia Mwalimu, kisha akaangua kicheko kile chake mpaka kuku wakapiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Mvumi. Nilimweleza Mwalimu habari yote tangu mwanzo, ya baba na babu na kichupa. Alisikiliza vizuri, akaomba radhi, akauliza shangazi yetu anaitwa nani.

"Mwajuma. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa maharage, alishafariki."

"Mama Mwajuma? Nimefundisha Kibakwe mimi, namfahamu. Mama mwema." Akasita. "Ila siku hizi ana kiburi kidogo. Watu wanalalamika. Unapita kando yake unamsalimia, anakwenda zake kama hakuoni. Mpaka umsimamie mbele ya uso."

Rajabu akatoa mguu kwenye mafuta. Gari likapungua mwendo lenyewe mpaka likasimama kandokando ya barabara, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Baba yetu alisemwa hivyo hivyo. Kabla haijajulikana kwamba haoni, mtaa mzima ulisema Salum fundi ameota mapembe.

"Hakuoni kweli, Mwalimu," Rajabu alisema. "Akiwa anaangalia mbele, wewe uliye pembeni haupo."

Mwalimu alivua kofia akaiweka magotini. "Na mimi nimeacha kumsalimia," akasema.

Tulimshusha Mpwapwa jioni. Akataka kutuachia kuku mmoja, tukakataa, tukapokea dua zake. Tulilala Mpwapwa kwenye nyumba ya wageni, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha upande wa milimani na madereva wenzake walimwambia Rajabu asipande gizani.

Kupanda Kibakwe

Jamani, Kibakwe. Nyie mnaojua Dodoma ya miiba na mawe tu, hamtaniamini. Barabara inapanda na kukata kona, milima imevaa ukungu, na kila mteremko umelimwa, mahindi na maharage yamepandwa mpaka unashangaa mkulima alisimamaje. Nilitoa kichwa dirishani kama mtoto. Sehemu moja gari lilianza kuserereka kwenye utelezi, watu waliokuwa wakienda shamba wakaweka majembe chini wakatusukuma huku wakituambia poleni, wametapakaa matope mpaka usoni. Niliwagawia maandazi yote yaliyobaki.

Nyumba ya shangazi haikuwa ngumu kuipata. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo. Niliingia kwa upande wa jikoni nikatoa salamu.

"Hodi. Asalaam aleikum, Shangazi. Shikamoo."

Aligeuza kichwa upande wa sauti, akakizungusha kulia, kushoto, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, mpaka akanipata. Nilimsimamia mbele nikamtajia jina. Akaweka ungo chini. Alinivuta kwa mikono yote miwili akaniuliza nimekula.

Rajabu alikuwa bado anaegesha gari kwenye ghala la mzigo wake, kwa hiyo tulikuwa wawili. Akanipakulia kande za moto. Akanimiminia chai, nayo ikamwagika pembeni ya kikombe, akafuta kwa kiganja haraka kabla sijasema kitu. Nilikuwa nimemtafutia maneno mazuri njia nzima. Lakini kwa pupa yangu, mdomo ukiwa na kande, nikaanzia mwisho.

"Shangazi, tumekuja kukuchukua kipimo cha DNA."

Birika alilokuwa amelishika akaliweka chini. Uso wake ukafunga kama duka.

"Mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa, ni daktari..."

"Baada ya miaka yote hii," akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba yangu alikuwa mweusi tii, mimi nikazaliwa mweupe. Nimekua nasikia kwa mashangazi zangu kwamba mama aliniokota njiani. Nilipoolewa huku nilishukuru Mungu, nikasema sasa nimetoka kwenye vinywa vyao. Kaka yangu Salum kafa, hakuna aliyeniita, nimesikia kwa wapita njia. Leo mnakuja kunipima kama mimi ni mtoto wa Selemani. Kula umalize, mwanangu, kisha urudi na chupa zako."

Nilitaka ardhi inifunike. Nilijaribu kueleza ya macho, nikachanganya, nikasema vinasaba, damu, ukoo, na kila neno lilikuwa linaongeza kuni. Mwisho nikawa nalia juu ya sahani.

Ndipo Rajabu akabisha hodi.

"Asalaam aleikum. Wenyewe mpo?"

Shangazi akasimama. Akasimama ghafla mpaka ungo ukapinduka, maharage yakatawanyika uani. Alikwenda akiifuata ile sauti, mkono mmoja mbele, akamfikia Rajabu, akamshika uso, akauinua, akaushusha, akawa anautafuta kipande kwa kipande, jicho, pua, kidevu.

"Salum," akasema.

"Hapana, Shangazi. Mimi ni Rajabu, mwanawe."

"Najua. Najua Salum amekufa. Ngoja kwanza."

Tulingoja. Alipomwachia, Rajabu alichuchumaa akaanza kuokota maharage, na huku akiokota akamweleza bila haraka, kwa maneno machache kuliko yangu. Kwamba baba alianza kwa kugonga milango. Kwamba kuna daktari huko Mvumi anayetafuta ugonjwa tu. Kwamba yeye mwenyewe Rajabu amekataa kupimwa.

"Umekataa kwa nini?"

"Naogopa, Shangazi. Mimi ni dereva."

Shangazi akauliza kwa sauti ndogo, "Alipoanza kupofuka, Salum alikuwa anaona kama shimo? Katikati panaonekana, pembeni ukungu?"

"Ndiyo," nikamjibu mimi.

"Mimi hivyo hivyo. Nilidhani ni uzee." Alipapasa kigoda akaketi. "Huyo daktari ana simu? Nitamuuliza neno moja. Akinijibu vibaya, mnaondoka leo."

Kilimani, kutafuta mtandao

Mtandao haukuwepo nyumbani. Wenyeji wanapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, kuna jiwe ambalo ukisimama juu yake simu inashika. Tulipanda watatu, Rajabu amemshika shangazi mkono wa kulia na mimi wa kushoto, naye akituonya wapi pana shimo, kwa sababu njia ile anaijua kwa miguu. Huko juu upepo ulikuwa mkali, na unaona bonde zima na moshi wa majiko. Tulipiga, ikakata. Tukapiga tena, ikakata. Mara ya tatu Daktari Neema akapokea.

Shangazi alishika simu kwa mikono miwili.

"Daktari, shikamoo ni kwako au kwangu?"

"Kwako, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nakuuliza. Ukichukua mate yangu, utaangalia kama mimi ni mtoto wa baba yangu?"

"Hapana, mama. Natafuta ugonjwa wa macho. Hayo mengine sitayaangalia na sitamwambia mtu. Na usipotaka kupima kabisa, njoo tu nikuangalie macho. Kuna mwanga bado, tuulinde."

Daktari alimweleza mengi zaidi, nami nikasikia vipande vipande kwa sababu ya upepo. Shangazi alikuwa akiitikia kwa kichwa kama vile daktari anamwona. Alipomaliza akamrudishia Rajabu simu.

"Lete kichupa," akasema. "Nanyi mnipe cha huyu naye. Sitemi peke yangu kama mwendawazimu. Wote wawili tunaogopa, wote wawili tutatema."

Niliwatazama midomo yao. Sikuamini bahati yangu. Kisha nikakumbuka kande. Mtu hatakiwi kula wala kunywa nusu saa kabla ya kutema, na Rajabu alikuwa amekula sahani mbili kabla ya kupanda kilima, na shangazi alikuwa ametafuna karanga njia nzima. Basi tukakaa kwenye lile jiwe kusubiri vinywa vyao vitulie. Shangazi akatusimulia baba yetu alivyokuwa mtoto, alivyoshona suruali ya kwanza ikatoka na mguu mmoja mfupi na akaivaa hivyo hivyo kwenda shule. Rajabu hakuwahi kusikia habari za baba akiwa mtoto. Aliniambia baadaye kwamba alisahau kuogopa.

Walitema wakitazamana, wanacheka, mate yanawamwagika kidevuni. Watu waliokuwa wakipita na kuni walisimama kutuangalia. Shangazi akawageukia.

"Salimieni," akawaambia. "Mimi sioni pembeni. Mkinipita mje mbele yangu mnisalimie, sina ugomvi na mtu."

Nyuso zao zilibadilika. Mwanamke mmoja akatua kuni zake, akaja mbele kabisa, akampa mkono.

Kurudi, watu watatu mbele

Siku ya pili mzigo ulipakiwa, shangazi akafunga nguo zake kwenye kanga, tukashuka naye. Hakuwa amepita njia ile tangu mumewe afe. Mpwapwa alitaka tusimame ale maandazi ya stendi. Tulipofika Mvumi, Daktari Neema alimkalisha mbele ya mashine ya kupima upana wa kuona, ile unayobonyeza kitufe ukiona kitone cha mwanga. Tulikuwa nje ya mlango tunasikiliza. Kimya kirefu, kubonyeza kidogo, kimya tena. Jicho la kulia limebaki na tundu dogo la katikati. La kushoto lina afadhali. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa miaka mingi akiitia kila siku. Alikuja kukaa kwangu Majengo kusubiri majibu. Ndiye yule mama mweupe mliyekuwa mnaniuliza ni mgeni gani.

Majibu yalichukua wiki nyingi kwa sababu vichupa vilisafirishwa mbali. Tulipoitwa tulikwenda wote watatu. Njiani mimi ndiye niliyekuwa nazungumza, nampa moyo Rajabu, nimeandaa na maneno ya kumfariji.

Daktari alikuwa na mshauri pamoja naye, akatuuliza kila mmoja kama anataka kusikia mbele ya wengine. Tukasema ndiyo.

"Mama Mwajuma, kosa tumeliona kwako." Shangazi akaitikia. "Rajabu, kwako halipo. Uendelee kupima macho kama watu wengine wote, lakini hili la familia hukulirithi." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanahawa, wewe unalo. Ni lile lile la shangazi yako."

Nilisema hapana, mwenye sura ya baba ni Rajabu. Daktari akanijibu kwamba sura inakwenda njia yake na ugonjwa unakwenda njia yake. Aliniambia pia, na aliirudia mara kadhaa mpaka ikaniingia, kwamba kipimo hakisemi nitapofuka. Kinasema niko hatarini na nifuatiliwe kwa karibu. Lakini aliyelia ni Rajabu. Alilia na sauti yake yote, watu wa kwenye mabenchi wakasikia.

Shangazi alikuwa ametulia. Alinitafuta kwa uso wake mpaka akanipata.

"Kwa hiyo mimi na huyu tuna kitu kimoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na babu yake alikuwa haoni. Na baba yake."

"Mama, mimi nilikuahidi sitasema habari za ukoo."

"Hujasema, Daktari. Ninayesema ni mimi."

Walinipima tena siku hiyo hiyo. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa imeanza kupanda, neva haijaguswa. Daktari aliandika dawa na kusema neno moja tu nililolibeba mpaka nyumbani: tumewahi. Binti yangu Nuru ataangaliwa macho yake kila mwaka, na akiwa mkubwa ataamua mwenyewe kama anataka kutema.

Kabla ya kupanda gari tulikaa barazani pale kliniki. Nilitaka kuanza dawa hapo hapo, nisisubiri hata kufika. Nikainua kichwa, nikakamua, tone likaanguka shavuni. La pili likaingia sikioni. Shangazi akanipokonya chupa. Kwa vidole vyake alitafuta kope langu la chini, akalivuta, akaniambia nitazame juu na nisipepese. Tone lilitua katikati ya jicho, la baridi, chungu kidogo.

Nilifumba nikahesabu pumzi zangu mpaka akaniambia fungua. Nikafungua. Kisha nikachukua chupa yake.

"Haya, Shangazi," nikasema. "Inua kichwa."